Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

"Bila mimi hiyo mashine ingekuwa sanduku tu," Ezra alisema.

"Na bila mimi ingesoma nini, kuta?" Pendael akamjibu.

Bi Leokadia akawakumbusha kwamba hapo ni maktaba ya chuo, si genge, kisha yeye mwenyewe akapaza sauti kuwashinda.

Sikudhani alikaa katikati yao, fimbo nyeupe magotini. Haoni tangu utotoni. Keshokutwa ana mtihani wa sheria, na kitabu kimoja bado hajakisikia.

Sikilizeni basi, mjue kila mmoja alijaliwa nini.

Ezra alijaliwa ufundi. Kompyuta ya kuwasomea wasioona ilipoletwa, ilitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akahangaika nayo mpaka ikaeleweka.

Pendael alijaliwa subira. Mashine ile haikuweza kusoma vitabu vya karatasi, hivyo alivipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha kila neno lililovurugika.

Bi Leokadia alijaliwa ulimi. Wakubwa wa chuo waliifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, wakafunga chumba, wakawa wanawaonyesha wageni wa heshima tu. Sikudhani akiomba kuingia, aliambiwa ataiharibu. Yeye, ambaye ililetwa kwa ajili yake. Bi Leokadia akawaandama ofisi kwa ofisi mpaka wakachoka, wakafungua.

Wote watatu ni vibarua. Sasa imetoka nafasi moja ya ajira ya kudumu, na mkuu wa maktaba ameamua Sikudhani ndiye ataje anayestahili. Chumba amekifunga tena: asipotaja, kisifunguliwe, na atakayekifungua asahau ajira. Ufunguo akauacha mezani, mbele yao.

Nao wameapa, kila mmoja: asipotajwa yeye, hapo hakanyagi tena.

"Mwanangu, sema," Bi Leokadia akamhimiza. "Usimwonee mtu haya."

Sikudhani akapapasa meza. Ufunguo ulikuwa palepale. Hakuna aliyeugusa tangu asubuhi. Hasira ikampanda. Akasimama, akaanza kuondoka.

Je, wewe ungemtaja nani: aliyeipa mashine sauti, aliyeipa maneno, au aliyeifungulia mlango? Fikiri vizuri, ila kwanza usikie alichowaambia Sikudhani alipofika mlangoni:

"Hayo ya jana nimeyasikia. Leo nani atanifungulia?"