Kwa Nini Jani la Dengu ni Chachu

Anayetafuna ameze, anayecheka anyamaze, maana haya si ya kuchekea. Hamkuwapo, nami sikuwapo, zama zile dengu ilipokuwa na mizizi laini kama uzi na majani matamu, watoto wakiyatafuna shambani mpaka mama zao wawafukuze.

Siku hizo udongo wetu mweusi wa mbugani ulikuwa na sauti. Na wazee wenu walikuwa na tabia moja mbaya: wakivuna, hawabakizi. Wakibeba mtama, wanabeba na mabua, kuni hizo. Samadi wanaikausha, wanawashia moto. Hata jivu wanalimwaga mtoni! Shamba likibaki tupu kama kiganja, ndipo mtu anaitwa mkulima. Udongo ukawauliza, "Mnakula kwangu kila mwaka. Mimi nakula wapi?" Wakaucheka.

Mtama ukaanza kutoka wa manjano, haupiti goti. Njaa ikaingia. Alikuwapo mama mmoja, Nkwimba, mke wa Maduhu, aliyekwisha kuzika watoto watatu. Wa nne, Limi, ndiye aliyebaki, na alikuwa mwepesi hata mama yake akimbeba mgongoni humgeukia kuhakikisha kama yupo.

Dengu ikamhurumia. Mvua zilipokwisha, Nkwimba alipoipanda kwenye unyevu uliobaki, ikamwambia, "Mama Limi, nitautafutia udongo chakula hewani, nikifungashe mizizini mwangu. Wewe kata juu, ule punje zako. Mizizi usiiguse. Mwakani mtama wako utasimama." Nkwimba akapiga magoti. Alipofukua kidogo, akaviona vinundu vimejipanga kwenye mizizi, vinono kweli kweli.

Akavuna kwa mundu, visiki vikabaki shamba zima. Weee! Wanawake wakapita na vikapu vyao. "Mke wa Maduhu, shamba lako limenyolewa na kipofu?" Siku ya kwanza akavumilia. Ya pili akavumilia. Ya tatu mama mkwe wake naye akacheka, na hilo likamwingia. Jamani, aibu! Akaenda shambani akang'oa mizizi yote, shina kwa shina, akaikung'uta udongo, akaitia moto. Kufika jioni shamba lilikuwa tupu kama kiganja, na wote waliopita wakamsifu.

Mwaka uliofuata mtama ulichomoza, ukapata majani mawili, ukanyauka. Waliomsifu walikuwa na njaa zao, hawakuwa na cha kumpa. Limi alikufa wakati wa palizi, na hapakuwa na cha kupalilia.

Nkwimba hakulia mbele za watu. Alikwenda shambani, pembeni, palipojiotea miche michache ya dengu, akaiinamia. "Niliambiwa," alisema. "Niliambiwa, nikasikia." Akalia kutwa, kesho yake akarudi akalia tena, machozi yakadondoka majanini na majani yakayanywa. Punje ukiizika huota. Mtoto haoti.

Na tangu siku hiyo jani la dengu hutoa majimaji machachu yenye chumvi. Liguse asubuhi likiwa bichi, ulambe kidole, utajua. Hakuna mtoto anayelitafuna tena. Udongo nao haujasema na mtu tangu wakati ule, na ndiyo maana sisi hukata dengu kwa mundu, mizizi tukaiachia ardhi.

Nasema sisi hukata. Nimewasimulia haya kila mavuno, tangu nikiwa na meno yangu yote. Lakini macho ninayo bado, na nayaona marundo yenu pale ukingoni mwa shamba, mizizi juu, vinundu vinakauka juani. Mmeshang'oa.

Niambieni tu, mwenye mtoto mdogo kati yenu ni nani?