Bustani Iliyomsubiri Mgeni

Wapendwa, chukueni mtaa wowote mnaoujua, ule ambao nyumba zimebanana hadi jirani akikaanga pilipili wewe ndiye unayepiga chafya. Katika mtaa huo palikuwa na dampo, na karibu na dampo aliishi mama mmoja aliyeota ndoto.

Aliota dampo limekuwa kijani. Mchicha ulitoka ardhini taratibu kama mtu anayeamka, ukapanda ukuta, ukatembea juu ya mabati bila kelele, ukateremka uani kwa kila mtu na kujilaza wenyewe ndani ya sufuria. Hakuna aliyeuliza bei. Alipoamka, viganja vyake vilikuwa vinanukia udongo mbichi.

Ndoto nyingi mtu akishanawa uso zimekwenda. Hii haikwenda. Akawakusanya wanawake wenzake, wakazoa taka, wakajaza viroba udongo na samadi, wakapanda mchicha na chainizi. Wakamfanya yeye mwenyekiti. Mvua nayo ikawa na huruma. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, alipita katikati ya viroba akajiona kama hajaamka, kama ile ndoto imemfuata hadi huku nje.

Lakini mwenyekiti, mnajua wenyewe, hatulii mpaka apate mgeni rasmi.

Mkubwa mmoja akaahidi kuja kuizindua bustani. Siku ileile mwenyekiti akazungusha kamba na kusimamisha kibao: lisiguswe hata jani moja, mgeni aikute imejaa.

Jioni akaja jirani yake wa ukuta mmoja, mjamzito, sufuria mkononi.

"Dada, kliniki wamesema damu yangu imepungua. Nile mboga za majani kila siku. Nichumie hata fungu dogo."

"Mdogo wangu, haki ya Mungu ningekupa. Lakini mgeni anakuja Jumamosi. Akikuta pengo, nitamwambia nini?"

"Mwambie pengo limeliwa."

Mwenyekiti akacheka. Alidhani ni utani.

Jumamosi mgeni hakuja. Alituma salamu. Akaahirisha, akaahirisha tena. Jirani naye akawa anarudi na sufuria yake ileile, kila mara akitembea polepole zaidi, viganja vimepauka.

"Mgeni bado tu, dada?"

"Wiki ijayo."

"Haya. Na huyu wa tumboni, naye nimwambie wiki ijayo?"

Nani hapa amewahi kulima chainizi? Basi mnaijua tabia yake. Ukiichuma, inakuletea majani mengine. Usipoichuma inachoka kukungoja, inarefuka, inatoa maua.

Asubuhi moja mwenyekiti alitoka nje akakuta bustani nzima imekuwa njano. Njano kutoka ukuta hadi ukuta, nyuki wakivuma humo ndani kama watu wanaosali kwa sauti ya chini. Ilikuwa nzuri kuliko ndoto yenyewe. Alisimama pale muda mrefu, khanga imemteleza begani, hata hajijui. Kisha akakata jani akalitafuna. Chungu. Akakunja shina, likavunjika kama kuni.

Na hiyo ndiyo siku aliyochagua mgeni kufika, na magari yake na wapiga picha wake.

"Hongereni sana, akina mama!" akasema. "Maua mazuri kweli! Mnayauza wapi?"

Mwenyekiti alifungua mdomo aseme ile ilikuwa chainizi. Akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Kwenye harusi, mheshimiwa."

Makofi. Vigelegele. Picha.

Magari yalipoondoka aliruka kamba, akachuma vijani vichache vilivyobaki chini chini, akakimbia navyo kwa jirani. Mlango ulikuwa na kufuli. Sufuria ilikuwa kizingitini, imefunikwa kifudifudi.

"Wamemkimbiza hospitali tangu alfajiri," mwenye nyumba akamwambia kupitia dirishani. "Wanamtafutia damu."

Mnataka kuniuliza kama alipona. Naona machoni mwenu. Sitawaambia. Nikisema alipona, mtashusha pumzi na kurudi kwenye mambo yenu.

Mimi nawauliza ninyi: mgeni rasmi alikuwa nani? Yule wa magari? Mgeni rasmi alikuja mapema, kwa miguu, na chombo chake mkononi, akaambiwa Jumamosi.

Na sisi? Sisi tuna bustani nyuma ya kanisa hili. Tulipoipanda tuliomba kwa machozi kwamba mtaa wetu huu ushibe. Kisha tukaizungushia kamba, kwa sababu askofu anakuja kwenye jubilei na tunataka aikute imejaa. Leo asubuhi nimepita pale. Kwenye kona, chainizi moja imeanza kutoa njano.

Kamba nimeikata. Tukishapokea baraka, msisimame nje kupigana picha. Kila mmoja apite kwa jirani yake, yule mnayemjua, amwambie alete sufuria.

Askofu niachieni mimi. Nitamwambia pengo limeliwa.