Watoto wa Bwana Ngiri

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na shimo!
Na ndani ya shimo mna nani?
Wewe ndiye unayejua, tuambie!

Jikazeni basi. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia hii, mwili hunisisimka.

Ukame uliingia porini. Majani yakaisha, mizizi ikaisha, watoto wakalia njaa. Bwana Ngiri peke yake alikuwa nacho: shimo la chumvi na ghala la mihogo. Akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Pimbi akasema, "Nipe huyu Tindo wako. Atakula, atajifunza kazi, nawe utapata mihogo." Kwa Mama Digidigi akasema hivyo hivyo. Kwa Mama Kanga akasema hivyo hivyo. Nao wakawatoa huku wanalia, kwa sababu wadogo waliobaki walikuwa hawajala.

Siku moja Mama Pimbi akaenda kumsalimia mwanawe. Akasikia chini ya ardhi: kwaru, kwaru, kwaru. Akachungulia. Lahaula! Watoto watupu, ndani ya tundu jembamba, wanakwangua chumvi kwa kucha. Tindo akapanda juu. Viganja vimechanika, na chumvi imeingia vidondani.

"Mama, usinishike mikono," akasema.

Mama Pimbi akairudisha mikono yake nyuma. Na Ngiri, mwenye meno yale marefu, amekaa kivulini anatafuna muhogo!

Mara akaja Mzee Kobe, mkaguzi wa baraza. "Ngiri, watoto hawa ni wa nani?"

"Wangu, mzee. Wananisaidia kazi."

"Mtoto kumsaidia baba yake si kosa," akasema Kobe, akaenda zake.

Mama Pimbi alitaka kusema, lakini angeulizwa kwanza ni nani aliyemtoa Tindo. Akafikiri. Akatabasamu.

Porini kuna mila moja. Baba akiwakiri wanawe mbele ya mtu wa baraza, wajomba wa watoto huja kula kwake, na kila mtoto hukatiwa sehemu yake ya mali hapo hapo.

Kesho yake, ndu! ndu! ndu! Ngoma mlangoni kwa Ngiri. Mama Pimbi na kaka zake mbele, ukoo wa Digidigi, ukoo wa Kanga, na Mzee Kobe awe shahidi.

"Hongera, shemeji," wakasema wajomba, wakaingia ghalani. Kafu, kafu, kafu.

"Tindo mkatie upande ule wa shimo," akasema Mama Pimbi. "Huyu mwenzake, upande huu."

Jasho likamtoka Ngiri. "Ngojeni. Hawa si wangu. Huyu wa Pimbi, yule wa Digidigi, wale wa Kanga. Mimi sina mtoto hata mmoja."

Mzee Kobe akatoa shingo yote nje. Hakuna aliyewahi kuiona ndefu vile. "Huna? Basi shimoni wanafanya nini?"

Baraza likaamua: tundu lipanuliwe, wazazi wachimbe wenyewe na walipwe mihogo ya kulisha nyumba, watoto watoke. Wakatoka, wakifumba macho kwa mwanga. Tindo alibebwa, na mikono yake hakuna aliyeigusa.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa shimo, sisogei tena. Funzo lake? Ngiri alikosea. Ukimfanyisha kazi mtoto wa mwenzio, usiseme ni wako. Sema ni mtoto wa ndugu yako, ametoka kijijini. Hakuna atakayekupigia ngoma mlangoni.

Mbona mmenyamaza? Huko kwenu, saa hizi, nani anaosha vyombo?