Kombe la Nyuki Lilale kwa Nani

Sogeeni. Mwenye mchele wa kupepeta apepete, mwenye mtoto wa kunyonyesha anyonyeshe. Ninachotaka sasa ni masikio, midomo nitaitaka mwishoni.

Palikuwa na wanawake watatu katika timu moja ya mpira wa kikapu, timu ya Nyuki, hapo Ngamiani, Tanga. Wa kwanza Mungu alimjalia jicho, wa pili alimjalia moyo, wa tatu alimjalia mkono. Na palikuwa na wa nne, kocha wao, Tunu binti Shekue. Huyu alipewa kazi ya kuamua, na hiyo, wanangu, si zawadi hata kidogo.

Mjueni kwanza Tunu. Aliuanza mpira akiwa na miaka kumi na minne, mwembamba kama ufito, kwenye uwanja wa sementi nyuma ya karakana ya reli. Hakuwa mfungaji, alikuwa mgawaji. Mpira ukimfika mkononi, keshajua nani yuko wazi. Kila kikapu kikubwa cha Nyuki, ukikifuata nyuma, utamkuta Tunu. Lakini nani hufuata nyuma? Watu hushangilia wavu ukitikisika.

Na Nyuki walikuwa na ada yao. Wakishinda, kombe halilali ofisini. Kocha hulibeba kwa matarumbeta mpaka nyumbani kwa yule ambaye bila yeye lisingepatikana, likakaa hapo mwaka mzima. Mtu mmoja tu. Waliwahi kujaribu kuligawa kwa miezi, likarudi limevunjika kishikio, na nyumba tatu hazikupeana hata chumvi mpaka Ramadhani. Kocha naye halichukui, maana mpishi hajipakulii wa kwanza.

Tunu alishinda makombe manne. Kila fainali mama yake, Bi Mwanate, aliondoa redio juu ya kabati la sebuleni, akatandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, akakaa barazani kuyasikilizia matarumbeta. Matarumbeta yakaja, yakakaribia, yakakata kona, yakaenda kwa aliyefunga.

"Si kitu, mwanangu," Bi Mwanate husema. "Redio nayo ina haki yake ya kukaa." Akairudisha. Lakini mwaka uliofuata, Tunu alimkuta uani anakifua tena kile kitambaa.

Goti lilipomkatalia, Tunu aliomba kufundisha. Wakampa kubeba mipira. Alibeba miaka minane, chini ya makocha watatu wanaume. Wasichana wakiwa na shida walimfuata yeye, wakishinda akapigwa picha mwingine. Kocha wa mwisho alipohamia Dodoma ghafla, mashindano yamebaki wiki mbili, viongozi walitazamana. Mmoja akasema, "Mwacheni huyu ashikilie kwanza." Akashikilia, mpaka Nyuki wakaingia fainali. Na moyoni aliapa kitu kimoja tu: siku kombe litakapokuwa mikononi mwangu, halitaupita mlango wa mwenyewe.

Sasa mwenye jicho. Huyu alikuwa Bi Mosi, mfuaji wa jezi, mama mtu mzima ambaye hajawahi kuudunda mpira maishani mwake. Wageni wa fainali, timu ya Radi kutoka Moshi, walikaa Tanga siku tano, na kwa ukarimu jezi zao zilifuliwa pamoja na za wenyeji. Siku ya nne Bi Mosi alimwendea Tunu, mikono bado ina povu.

"Kocha mwanangu, yule mrefu wa Radi, namba kumi na moja."

"Eliwaza? Ana nini?"

"Ana doa."

"Bi Mosi! Kesho fainali, wewe unanieleza madoa?"

"Tulia nikwambie. Siku ya tatu leo nalisugua, hapa ubavuni kulia, jeusi la mpira. Wenzake hawana. Nikasema hebu nikawatazame mazoezini, nijue linatoka wapi. Akitaka kutupa mwenyewe, anajifuta kiganja hapo. Akitaka kumpa mwenzake, hajifuti."

Tunu alikuwa amemtazama Eliwaza kwenye video mwezi mzima, hakuliona hilo. Lilionekana kwenye beseni.

Mwenye moyo alikuwa Kibibi, nahodha. Miaka kumi na miwili aliichezea Nyuki, na fainali hii ilikuwa yake ya mwisho, kwa sababu alikuwa amepata kazi ya uuguzi Songea. Baba yake, Mzee Mbwana, hakuwahi kufika uwanjani hata siku moja. "Mpira hauliwi," ndiyo salamu yake. Kibibi alitaka siku hiyo amalize dakika zote, hata ikibidi kwa kutambaa.

Zimebaki dakika mbili, Radi wanaongoza kwa pointi moja, mpira ukatoka nje. Kibibi akaja kwenye benchi akitabasamu, jasho linamchuruzika.

"Dada, nitoe."

"Nikutoe wewe? Umerogwa?"

"Kifundo kimeteguka tangu robo ya tatu. Nimekificha. Lakini sasa hivi yule kanipita kama nimesimama kituoni. Muingize Chiku."

"Kibibi, hii ni ya mwisho."

"Ndiyo maana nataka tuishinde."

Akaketi, akafungua kamba za kiatu, akajifunika taulo kichwani. Tunu hakuwa ameuona mguu ule. Angeachiwa aamue peke yake, asingemtoa Kibibi hata kwa fimbo.

Basi akaingia mwenye mkono. Chiku, binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa muuza maandazi. Msimu mzima alikosa vikapu, mpaka jukwaani wakamwita Bi Chepe. Hawakujua kwamba kila alfajiri, maandazi yakishaingia kwenye mafuta, alikimbilia uwanjani akatupa mara mia mbili, peke yake, kabla ya shule.

Zilibaki sekunde kumi na tano, Radi sasa mbele kwa pointi mbili. Mpira anao Eliwaza. Wote wakangoja. Eliwaza akajifuta kiganja ubavuni.

"Anatupa!" Tunu akapiga kelele. Wasichana wawili wakaruka kama walivyoagizwa, mpira ukagonga mikono yao, ukadondoka mbele ya Chiku. Chiku akakimbia. Jukwaani mtu akasema, "Ala, Bi Chepe!" Alipofika, mlinzi wa Radi alikuwa mbele yake na king'ora cha mwisho kinakaribia kulia. Hakusita. Akatupa kwa mbali, kama anavyotupa alfajiri, mpira ukazama bila hata kuugusa ubao. Nyuki mshindi kwa pointi moja.

Asubuhi ya pili yake Bi Mwanate alimwita Tunu. Aliondoa redio juu ya kabati, akakikunja kitambaa, akamwekea mwanawe mkononi.

"Chukua. Popote litakapolala, ukatandike hiki chini yake. Mie nimechoka kuihamisha redio kila mwaka."

"Mama, nimpe nani?"

"Aka! Mie kocha?"

Mchana matarumbeta yakatoka. Tunu mbele, kombe kichwani, kitambaa kwapani, mtaa mzima nyuma yake. Wakafika njia panda. Kulia ni kwa Bi Mosi. Kushoto ni kwa akina Kibibi. Ukinyoosha, ni kwa mama Chiku. Tunu akasimama. Matarumbeta yakanyamaza moja moja.

Hapo maneno yakaanza.

"Kwa Bi Mosi!" wakasema wanawake wa kulia. "Bila jicho lile, Eliwaza angefunga akaenda zake, huo mkono ungefunga nini?"

"Jicho halikutoka jasho!" wakajibu wa mbele. "Wangapi waliambiwa siri wakashindwa kuitumia? Aliyetupa nani?"

"Aliyetupa angekuwa bado anagawa maji," wakasema wa kushoto, "kama mwenzake asingeikata furaha yake mwenyewe akampa."

"Kwa akina Kibibi litamkuta nani?" wakadakia wa kulia. "Mwenyewe anakwenda Songea! Mnampelekea kombe Mzee Mbwana aliyesema mpira hauliwi?"

"Ndiyo! Alitazame mwaka mzima mpaka limshibishe!"

Watu wakacheka. Tunu hakucheka. Aliwaita wote watatu mbele, akawauliza mbele ya watu, kama ambavyo yeye hakuwahi kuulizwa.

Bi Mosi akasema, "Nalitaka. Nisidanganye. Miaka thelathini nguo za watu zinaingia kwangu chafu zinatoka safi, hakuna kilichowahi kubaki. Nimeshasafisha rafu."

Kibibi, kaegemea gongo, akasema, "Nalitaka, dada. Baba leo kauliza kwa mara ya kwanza tulifunga ngapi. Hajasema analitaka, lakini magazeti kayaondoa juu ya meza yake."

Chiku akatazama chini. "Nalitaka. Mama kaacha kukaanga leo. Hajawahi kuacha, hata alipofiwa. Yuko mlangoni."

Tunu akainua macho. Ni kweli, kule mbele mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, leso mpya kifuani. Akageuka kulia, akaona dirisha la Bi Mosi limefunguliwa pazia. Akageuka kushoto, akamwona Mzee Mbwana kibarazani, anajifanya anasoma gazeti, gazeti limepinduka kichwa chini.

Nyumba tatu zilikuwa zinangoja, na Tunu aliijua baraza ya kungojea kwa undani. Alijua namna matarumbeta yanavyosikika yakikaribia, na namna yanavyosikika yakikata kona.

Mpiga tarumbeta mkubwa akajipangusa mdomo. "Kocha, midomo imekauka. Kulia, kushoto, au mbele?"

Tunu akalishusha kombe kutoka kichwani, akakikunjua kile kitambaa cheupe, akapiga hatua moja.

Hatua hiyo ilielekea wapi, mimi sisemi. Zamu yenu sasa. Je, kitambaa cha Bi Mwanate kingekuwa mkononi mwako, ungekitandika kwa nani? Na ile milango miwili utakayoipita na matarumbeta yako, utawaambiaje waliosimama hapo?