Upanga Uliokumbuka Uji

Mpo? Basi tegeni sikio. Katika Japani ya kale, askari Tadaoki alilishwa wali na bwana wake, akapewa na upanga wenye roho.

Siku moja bwana akasema, "Mzee Genbei amehamia kwa adui yangu. Kamuue."

Genbei! Ndiye aliyemnywesha Tadaoki uji mwaka wa njaa, alipokuwa yatima.

Tadaoki akaenda. Akauvuta upanga, haukutoka alani. Akauvuta tena, wapi! Mara ya tatu ukalia kama mtoto mwenye njaa.

Akarudi, akapiga magoti, akainamisha shingo. "Bwana, nimekuasi. Genbei alininywesha uji mwaka wa njaa. Nikate."

Bwana akauvuta upanga uleule. Ukalia. Akauachia.

"Inuka," akasema. "Aliyekumbuka uji wa Genbei hatausahau wali wangu."

Yangu yameishia hapo. Aliyekulisha ukiwa na njaa, kamsalimie.