Uyoga wa Mbeyu

Sogeeni, wanangu, moto bado unawaka. Mbeyu alifiwa na binti yake, akalia mpaka zimwi la msituni likamhurumia, likamwambia:

"Atarudi kila masika, akiwa uyoga mweupe chini ya mvule. Mtazame tu, usimng'oe."

Masika ya kwanza Mbeyu alimtazama. Masika ya pili alimwimbia. Masika ya tatu mvua ilipiga kwelikweli, uyoga ukalia, "Mama, baridi!"

Msimlaumu! Nani kati yenu angemwacha mwanawe mvuani? Alimng'oa, akambeba mgongoni kwa kanga, akakimbia nyumbani akimbembeleza.

Alipoifungua kanga, alikuta maji meusi tu.

Hapakuota kitu tena pale chini ya mvule. Lakini ukikutana na Mbeyu leo, kanga ile bado iko mgongoni. Msalimu, atakunong'oneza: "Sema taratibu, ndiyo kwanza amelala."