Hati ya Miguu Minne

— Hadithi iko mlangoni!
— Iingie!
— Imekuja na uongo!
— Tumeshautandikia mkeka!

Basi. Mama Nguchiro alikuwa na watoto watatu na hana nyumba, na mawingu ya masika yamekwisha kujikusanya. Akaapa: "Mvua haitawanyeshea wanangu, haitawanyeshea!"

Akaja Fisi. "Shimo hili nauza. Nipe mayai yako kumi ya kanga, uhamie leo leo."

Mama Nguchiro akachungulia, akanusa, fu! fu! Ndani mlinuka Nyegere. Akakanda udongo, akautandaza mbele ya mlango.

"Shimo ni lako, Bwana Fisi?"

"Langu tangu enzi za babu!"

"Maneno huchukuliwa na upepo. Weka mguu."

Fisi, udenda unamtoka kwa yale mayai, akakanyaga. Pwachu!

"Hakuna mwingine mwenye haki nalo?"

"Hakuna!"

"Weka mguu." Pwachu!

"Akitokea wa kulidai?"

"Nitapigana naye mimi mwenyewe!"

"Weka mguu." Pwachu!

"Ukishindwa?"

"Nishindwe, mimi? Nikishindwa, chukua pango langu la mawe!"

"Weka mguu." Pwachu! Miguu ikaisha, mayai yakaisha, na udongo ukakauka juani.

Siku ya tatu Nyegere akarudi kutoka kurina asali. "Nani yumo nyumbani kwangu?"

Watoto wakajificha. Mama yao akasimama mlangoni, wala hakurudi nyuma hata hatua moja. "Usigombane na mimi, kaka. Nimeuziwa. Gombana na mwenye nyayo hizi."

Fisi akaitwa. "Mimi? Hapa sijawahi kufika!"

"Leta mguu tupime," akasema Mama Nguchiro. Wa kwanza ukaingia barabara. Wa pili, barabara. Wa tatu, barabara. "Haya, huo wa tatu ndio wa kupigana. Pigana!"

Nyegere hakungoja. Pu! Pa! Pu! Fisi akapigwa mpaka akasahau njia ya kwao, na kwao kwenyewe si kwake tena, maana wa nne nao uliingia barabara. Tone la kwanza la masika lilipodondoka, watoto watatu walikuwa wakikoroma ndani ya pango la mawe, wakavu.

Hadithi imetokea mlango ilioingilia, kunjeni mkeka.

Mnataka funzo? Mnunuzi mwema haulizi-ulizi. Humwamini muuzaji, akalipa, akanyamaza. Nami nina kiwanja kizuri kule bondeni, anayekitaka aje kesho. Ila asije na udongo. Miguu yangu nimeshaiosha.